Anayengoja jua Kifungilo atakosa picha

Swali huanza kusikika Mei, mvua za masika zinapopungua, na ikifika katikati ya Juni limeshaulizwa hadi linachosha: "Jua litatoka lini nipige picha za maua kabla hayajafa?" Huliuliza mgeni aliyepanda milima kutoka Mombo na simu mpya mfukoni. Huliuliza mwenye bustani aliyezipalilia dalia zake masika yote. Huliuliza mwanafunzi aliyetumwa na mwalimu kuleta picha kumi za mimea. Wote husimama barazani Kifungilo, katika Milima ya Usambara, sweta mwilini na kikombe cha chai mkononi, wakiutazama ukungu uliolala juu ya miti kama abiria wanaongoja basi. Saa tano au saa sita ukungu ukipasuka na jua likachungulia kwa dakika ishirini, hukimbilia bustanini. Picha wanazorudi nazo huwa mbaya kuliko zote ambazo wangeweza kupiga siku hiyo.

Jibu la swali hilo ni fupi: hakuna cha kungoja. Mwanga unaofaa kwa bustani inayofifia huwa umeshafika saa moja asubuhi. Umeingia pamoja na ukungu, na hukaa hapo mpaka anayengoja jua achoke na kurudi ndani.

Kwanza ieleweke bustani ya Kifungilo hufifia vipi, kwa sababu vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi za theluji. Kwao jalidi hushuka usiku mmoja na asubuhi dalia zote zimekuwa nyeusi. Milima ya Usambara haiendi hivyo. Tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba hapa ni kama nusu saa tu, kwa hiyo mimea haifukuzwi na giza. Inachoshwa na baridi na unyevu, na mingine imemaliza tu kazi yake ya mwaka. Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi umebeba maji, hukutana na milima, hulazimika kupanda, na kwa kila mita 1,000 unazopanda hupoa kwa nyuzi 6 hadi 10. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Magamba vinapita mita 2,000. Hewa hiyo ikifika huko, unyevu wake umeshageuka wingu, na wingu hilo likitambaa bustanini ndilo linaloitwa ukungu.

Ndani ya ukungu huo kila mmea hufifia kwa zamu yake na kwa namna yake, kwa wiki nyingi. Dalia, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Mexico, hukauka kuanzia majani ya chini kwenda juu. Agapantha ya Afrika Kusini hubaki na bua refu lililobeba vifuko vya pembe tatu, ambavyo hupasuka na kumwaga mbegu nyeusi. Mipeasi na mipichi hupukutisha majani, na matawi yake hubaki wazi yakiwa na kuvumwani. Huo ni msimu mzima wa picha, na watu wanautumia kungoja dakika ishirini za jua.

Imani kwamba picha nzuri inataka jua kali, tena jua liwe mgongoni mwa mpiga picha, ilikuwa na sababu. Ilikuwa kanuni sahihi kwa vyombo vya zamani. Kamera ya sanduku ya Kodak Brownie, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1900 kwa dola moja, ilikuwa na lenzi yenye tundu dogo, na filamu za enzi hizo zilikuwa nzito kupokea mwanga. Bila jua picha ilitoka giza tupu. Miongo mingi baadaye, filamu zilizouzwa madukani kwetu bado zilikuja na maelezo yenye michoro midogo: jua kali, jua hafifu, mawingu, kivuli. Kila mchoro uliambatana na namba ya kufungulia lenzi. Maelezo yenyewe yalikuwa yanafundisha kupiga picha penye mawingu. Watu walishika mchoro wa kwanza, wakaurithisha kwa watoto, na watoto sasa wanauambia ukungu wa Kifungilo uondoke.

Tufanye hesabu, maana hoja ya kwanza ya wanaongoja jua ni kwamba kwenye ukungu "hakuna mwanga". Mwanga wa siku ya mawingu mazito ni kama moja ya nane ya mwanga wa jua kamili. Moja ya nane inasikika kama umaskini. Lakini lenzi kuu ya simu ya kawaida ya leo ina tundu la f/1.8 au karibu na hapo. Kwa aiso 100, kiwango cha chini kisicholeta chengachenga kwenye picha, simu hiyo katika mawingu mazito inahitaji kufungua shata kwa sekunde 1/1250 tu. Kasi hiyo inatosha kumkamata nyuki akiwa hewani. Tuseme ukungu ni mzito zaidi na ua liko chini ya miti, mwanga ukapungua tena mara nane: bado shata ni 1/160, na mkono wa kawaida hauwezi kuitikisa picha hiyo. Mwenye kamera kubwa na lenzi ya f/5.6, akiweka aiso 400 katika mawingu mazito, anapata 1/500. Anayesema hakuna mwanga hajawahi kutazama namba zinazoandikwa na kamera yake mwenyewe.

Kwa hiyo mwanga upo wa kutosha. Sasa tazama jua kali linafanya nini kwa ua linalofifia, kwa kuwa hapo ndipo imani hii inapoleta hasara.

Ua linalofifia huinamisha kichwa. Kikonyo hupungukiwa na maji, shingo hulegea, na uso uliokuwa ukitazama mbingu sasa unatazama udongo. Juni, saa sita na nusu mchana, jua la Kifungilo liko kiasi cha nyuzi 62 juu ya upeo wa macho. Humulika ua kwa nyuma, kisogoni. Uso wenyewe, penye kila anachotaka kuonyesha mpiga picha, uko ndani ya kivuli chake. Kamera hulazimika kuchagua: ikilinda kisogo, uso huwa mweusi, ikiutafuta uso, kisogo huungua na kubaki doa jeupe lisilo na chochote ndani yake. Wapiga picha wa studio husema picha "imeungua", na neno hilo ni sahihi. Sehemu iliyoungua haina habari. Hakuna programu itakayoirudisha, hata mtu akae nayo usiku kucha.

Ukungu hauna upande mmoja. Kila tone dogo la maji hewani hupokea mwanga na kuutawanya, hadi anga yote inakuwa taa moja kubwa inayomulika kutoka juu, kushoto, kulia, na kidogo hata kutoka chini kupitia nyasi zilizolowa. Ua lililoinama hupata mwanga usoni. Studio za mijini hununua vitambaa vyeupe na masanduku ya kulainisha mwanga ili kuiga hali hiyo. Kifungilo inaipata bure asubuhi baada ya asubuhi, na watu wanaikimbia.

Hoja ya pili ya wanaongoja jua ni rangi. Husema jua "hutoa rangi". Kwa ua jipya jekundu, jua mara nyingi huiua rangi. Dalia nyekundu ikipigwa na jua la mchana hujaza kipokezi cha rangi nyekundu ndani ya kamera hadi pomoni, na petali zote hamsini huungana zikawa bonge moja lisilo na mikunjo. Jani nalo lina nta juu yake. Jua kali hugonga nta hiyo na kurudi likiwa jeupe, kama linavyorudi kwenye bati, na ule weupe hufunika kijani kilichoko chini. Mtu anadhani ameona rangi kwa sababu macho yake yameumia.

Kwa ua linalofifia hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu rangi zake ni za karibu karibu. Kahawia ya chai, kahawia ya udongo mkavu, zambarau iliyochujuka, kijani kinachoelekea njano: tofauti kati ya moja na nyingine ni ndogo, na kivuli kimoja kikali kinatosha kuzimeza zote. Rangi za namna hiyo zinahitaji mwanga mtulivu ili zisomeke.

Mfano bora ni haidrenjia, ua la vichwa vikubwa vya mviringo linalopandwa sana milimani. Mtu apige goti mbele ya kichwa kimoja asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa bado chini. Vile vinavyoitwa petali kwa kweli ni sepali, na ndiyo maana havidondoki kama petali za waridi. Hubaki shinani na kugeuka rangi vikiwa palepale. Vile vya juu, vilivyopata baridi zaidi, vimekuwa na zambarau iliyochanganyika na wekundu wa damu ya mzee. Vya pembeni vimerudi kijani. Vya chini, vilivyofichwa na wenzao, bado vina ile bluu ya Machi, bluu inayotokana na udongo wenye asidi unaouachia mmea alumini. Katika kila sepali kuna mishipa, na mishipa hiyo imeanza kuonekana kwa sababu nyama kati yake inasinyaa, kama mishipa ya mkono wa bibi. Kingo zimekauka na kuwa kama karatasi ya sigara. Matone yamejipanga kwenye kingo hizo, na ndani ya kila tone bustani nzima imesimama kichwa chini, kwa kuwa tone ni lenzi. Kichwa hichohicho saa saba mchana, jua likiwa kali, ni tufe jeupe juu na jeusi chini.

Tena jua la mchana hudanganya kuhusu afya ya mmea. Majani ya haidrenjia ni mapana na hupoteza maji haraka. Jua likiwaka hulegea na kuning'inia hata kama mizizi iko kwenye udongo uliolowa, na jioni husimama tena. Mpiga picha wa saa saba hurudi na picha ya mmea unaoonekana unakufa. Mwenye bustani huitazama, huchukua ndoo ya maji na kuuloanisha mmea ambao haukuwa na kiu, na mizizi huanza kuoza. Picha mbaya ya mimea huzaa uamuzi mbaya wa kilimo, na hilo ndilo linalofanya suala hili lisiwe la urembo peke yake. Neno ukungu wakulima hulitumia pia kwa ugonjwa wa madoa unaoshambulia viazi na nyanya wakati huu wa baridi na unyevu. Afisa ugani akitumiwa picha ya jani lililopigwa juani, haoni kama lile doa lina kingo za njano, wala kama upande wa chini una utando mweupe. Akitumiwa picha ya jani hilohilo lililopigwa kivulini, anaona.

Hoja ya tatu husikika kwa walioshawishika wakajaribu: "Nilipiga kwenye ukungu, picha ikatoka ya kijivu, imekufa." Hilo ni kweli, na kosa si la ukungu. Kamera imeundwa kudhani kwamba kila kinachowekwa mbele yake, kikijumlishwa, ni cha kijivu cha wastani. Ikioneshwa weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na ukungu mweupe unatoka kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Dawa yake inachukua sekunde moja. Kwenye simu nyingi, mtu akigusa ua kiooni hutokea alama ndogo ya jua pembeni. Aisukume juu kidogo, hadi ukungu uwe mweupe tena lakini mishipa ya sepali bado ionekane. Mwenye kamera aongeze theluthi mbili ya hatua, au hatua nzima. Rangi zikionekana za baridi mno, achague mpangilio wa mawingu kwenye menyu ya mizani ya rangi. Kahawia na njano zitarudi mahali pake. Basi. Hakuna sababu nyingine iliyowahi kuufanya ukungu uwe adui wa picha.

Imani ya jua kali imezaa mtoto wake, naye ni kuupaka mmea mafuta. Kwa kuwa jua halipo na majani hayang'ai, mtu huchukua kitambaa na mafuta ya kula akayafuta majani, au hunyunyizia ua maji ya sukari ili "liamke". Jani hupumua kupitia vitundu vidogo sana, vingi vikiwa upande wa chini. Mafuta huviziba, hukusanya vumbi, na jua likirudi Septemba jani hubabuka. Sukari huita sisimizi na kulisha kuvu. Ua lililokatika mishipa haliamki kwa kumwagiwa sukari usoni. Mtu anayependa bustani yake aiache tabia hii leo, kabla ya picha nyingine moja.

Kuna swali limejificha nyuma ya lile la jua, nalo ni kama ua lililochakaa linastahili picha. Wakubwa wa kazi hii walishalijibu. Karl Blossfeldt, mwalimu wa sanaa mjini Berlin, alitumia miaka mingi kupiga picha za vichipukizi, vikonyo na vifuko vya mbegu, mara nyingi vikiwa vikavu, kwa kamera aliyojitengenezea mwenyewe na mwanga laini wa kawaida, mbele ya karatasi isiyo na kitu. Kitabu chake cha mwaka 1928, Urformen der Kunst, bado kinafundishwa vyuoni. Irving Penn wa Marekani, aliyefanya kazi na jarida la Vogue kwa miongo, alichapisha mwaka 1980 kitabu kizima cha maua, na mengi ndani yake yamekwishapita ujana wake: petali zenye madoa, kingo zilizojikunja, shingo zilizovunjika.

Wala hakuna haja ya kwenda Berlin. Lushoto kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, TAFORI, chenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na kila anayefanya kazi na mkusanyiko wa namna hiyo anajua kwamba tunda na mbegu mara nyingi ndivyo vinavyotofautisha jamii moja ya mmea na nyingine. Upande wa pili wa bonde la Lwengera, Amani, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo mwaka 1902; mimea iliyokaushwa huko ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950 na ikawa msingi wa hifadhi ya Afrika Mashariki. Elimu ya mimea ya milima hii kwa sehemu kubwa ilijengwa juu ya vitu vilivyokauka. Mwenye bustani anayepiga picha ua siku linapochanua tu, kisha akaweka simu mfukoni hadi mwaka ujao, anaitupa nusu ya habari za mmea wake.

Sasa mambo ya kufanya.

Saa: kuanzia kunapopambazuka vizuri hadi saa tatu, kisha tena kuanzia saa kumi. Juni jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi, na ikifika saa tatu limeshapanda zaidi ya nyuzi 30. Ukungu ukiendelea kukaa, mtu aendelee siku nzima. Jua likitoka likiwa bado chini, atumie dakika hizo kwa vitu vinavyopitisha mwanga tu, kama jani la kana lililokauka au vifuko vitupu vya agapantha, naye asimame upande wa pili ili jua liwe nyuma ya mmea. Jua likitoka mchana na hakuna njia nyingine, amwombe mwenzake asimame alizuie kwa mwili wake, au kwa shuka jeupe.

Ashuke. Ua limeinama, na kamera nayo iiname. Gunia kukuu la kupigia goti lina faida kuliko lenzi mpya. Afute lenzi ya simu kwa kitambaa cha pamba, maana mvuke na alama ya kidole ndivyo vinavyoleta picha nyingi zinazosingiziwa ukungu. Atumie lenzi kuu. Kamera ya ziada ya karibu kwenye simu za bei nafuu mara nyingi ina megapikseli 2 tu, na kuvuta kwa vidole ni kukata picha, si kusogea. Asogee hadi simu ikatae kulenga, arudi nyuma kidogo, apige, akate baadaye. Flashi izimwe na ibaki imezimwa. Upepo ukitikisa bua, bua lishikwe kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti kilichochomekwa udongoni. Karatasi nyeupe ikiwekwa chini ya ua hurudisha mwanga usoni. Nyuma pasiwe na tenki wala kamba ya nguo. Ukungu wenyewe utafuta sehemu kubwa ya hayo, na hatua moja kushoto itamaliza yaliyobaki.

Mvua ikinyesha, akate bua moja aingie nalo ndani. Aliweke karibu na dirisha linalotazama kusini, mbele ya kitenge cheusi au ukuta mtupu. Vitabu vya Ulaya vitamwambia dirisha la kaskazini, avifunge. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la Usambara huchomoza, hupita na kuzama upande wa kaskazini, na dirisha la kusini halipati mwale hata mmoja kutwa nzima. Mwanga wake ni laini kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kila Jumamosi apige picha tatu za mahali palepale: tuta zima, mmea mmoja, kipande kimoja kwa karibu. Aandike tarehe na jina la mmea siku hiyohiyo. Kwa dalia apige vichwa vyote viwili, kitumba cha mviringo kinachokuja na kichwa kilichochongoka cha ua lililokwisha, kwa sababu wanaoanza bustani huvichanganya na kukata kitumba. Akirudi ndani kutoka kwenye baridi, simu au kamera iingie kwanza kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ikae humo hadi ipate joto la chumba. Jiko lenye birika linalochemka litailowesha ndani na nje kwa dakika moja. Kamera isilale kwenye mkoba uliolowa: kuvu huota kwenye vioo vya lenzi kama inavyoota kwenye ngozi ya kiatu, na ikishakula kioo haitoki. Chombo cha plastiki chenye mfuniko na vifuko vya silika vinatosha.

Picha ya mwisho ya msimu ipigwe kabla ya mkasi. Wengi hukata vichwa vikavu vya haidrenjia Agosti na kuteremka na bua hadi karibu na udongo, kisha hushangaa mwaka unaofuata mmea ukitoa majani matupu. Haidrenjia ya vichwa vya mviringo huchanua kwenye mti wa mwaka uliopita. Basi kamera ishuke kwenye bua, chini ya kile kichwa kilichokauka, hadi kwenye jozi ya kwanza ya majani iliyo hai. Kwenye kwapa la kila jani kuna kichipukizi kinene cha kijani, kimefungika, kina ukubwa wa punje ya harage, na asubuhi ya ukungu hata mikunjo yake huonekana. Lenzi ilengwe hapo, na mkasi ukate juu yake kidogo tu.